Mwanamke Safarini Peke Yake Pwani ya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu mwanamke anayesafiri mwenyewe kati ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, awe anafuata mzigo, anakwenda kusalimia ndugu, yuko kikazi au anatembea tu. Hatari nyingi za njia hizi zinakaa kwenye maungio ya safari: kituoni, pa kubadilisha gari, mlangoni pa gesti, na ile nusu saa ya kwanza katika mji usioujua. Huko ndiko tumeweka maelezo mengi.

Je, kweli mwanamke anaweza kusafiri njia hizi peke yake?

Anaweza, na wanasafiri kila siku. Alfajiri yoyote kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, utawakuta: mama wa Tanga aliyekuja kufuata belo la mitumba Kariakoo, nesi anayekwenda kuripoti kituo kipya, mwanafunzi anayerudi chuoni. Anayesafiri kwa utulivu mara nyingi ana mambo mawili mkononi: amepanga kufika kukiwa bado mchana, na kuna mtu anayejua yuko wapi.

Nipange kufika saa ngapi?

Saa 10 alasiri iwe mwisho wako. Jua la pwani huzama karibu na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na giza likianza halichelewi kutanda. Basi likipata pancha au foleni, hizo saa mbili za akiba ndizo zitakazokufikisha chumbani kungali na mwanga. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera. Ukiondoka saa 2 asubuhi unafika mchana, unapata muda wa kukagua chumba, na kisipokuridhisha unatafuta kingine.

Tanzania iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya zuio. Ni nafuu kubwa kwa mwenye haraka, lakini kwa mwanamke peke yake tatizo huwa ni saa ya kushuka. Basi linaloondoka jioni linaweza kukushusha saa 9 usiku. Ikitokea hivyo, usitoke nje ya kituo. Kaa sehemu ya abiria yenye taa, karibu na akina mama wenye watoto au ofisi iliyo wazi, usubiri kupambazuke.

Kwa treni ya Nairobi na Mombasa hesabu ni hiyo hiyo. Treni ya usiku hufikia kituo cha Miritini kabla ya alfajiri, na Miritini iko nje ya mji. Treni ya asubuhi inakufikisha mchana, magari ya kwenda mjini yakiwa mengi na watu wakiwa wengi. Kama huna mwenyeji wa kukupokea, chukua ya asubuhi.

Mbona watu wanakosea saa na siku za tiketi?

Kwa sababu tiketi inahesabu kivyake na mdomo unahesabu kivyake. Tiketi ikiandikwa 06:00 ni saa 12 asubuhi, 10:00 ni saa 4 asubuhi, 22:00 ni saa 4 usiku. Anayeona 10:00 akaja saa 10 alasiri anakuta gari limeondoka saa sita zilizopita, na lililobaki ni la usiku, lile alilokuwa analikwepa. Aliyekulia ughaibuni anakosea upande wa pili: dereva akimwambia "nakufuata saa moja asubuhi", yeye anategesha kengele ya saa saba usiku.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa wazee wengi wa pwani, hasa Unguja na Lamu, siku huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni usiku wa Alhamisi. Ukipanga na mwenyeji au nahodha, sema "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", hapo hamtapishana. Na basi la 00:30 tarehe 15 linapandwa usiku wa tarehe 14.

Nikate tiketi wapi, na nichague siti ipi?

Kata kwenye ofisi ya kampuni au kwenye mfumo wake wa mtandao, siku moja kabla. Tiketi iwe na jina lako, tarehe, namba ya siti na namba ya gari. Mpiga debe anayekukimbilia na kitabu cha risiti mkononi anaweza kukuuzia siti iliyokwisha kuuzwa, au kukupandisha gari linalojaza abiria hadi adhuhuri.

Mwambie wazi mkata tiketi: "Nasafiri peke yangu, naomba siti pembeni ya mwanamke." Ombi hili limezoeleka na halina aibu. Safu ya pili hadi ya nne nyuma ya dereva ndizo nzuri, kwa kuwa konda anakuona na taa ya mlangoni inafika. Siti za nyuma kabisa zinaruka kwenye matuta na usiku hakuna anayetazama huko. Watu wengi hupenda dirishani, ila ukikaa kando ya mwanamume usiyemjua, chukua ya njiani ili uweze kunyanyuka bila kumwomba ruhusa.

Begi kubwa likiingia kwenye buti, dai kitambulisho cha mzigo na lione linavyoingia. Mkoba wenye pasi, simu na fedha usiuweke juu kwenye keria. Uweke miguuni na mkanda wake uzungushe mguuni mwako.

Nikishuka tu wapiga debe wananizonga, wengine wananyakua begi. Nifanyeje?

Jua unakokwenda kabla mlango haujafunguka. Mtu anayesimama akiangaza macho ndiye anayezongwa. Shuka na jibu moja, "Nimeshapata usafiri, asante kaka", uliseme bila kusimama. Mkono wako usitoke kwenye mpini wa begi, maana akishalishika atakudai malipo ya kulibeba hata kwa hatua kumi.

Ukihitaji maelekezo, muulize mama lishe, muuza maji wa kike au askari wa kituo. Mama lishe yuko pale kila siku, anawajua madereva kwa majina, anajua yupi si wa kupanda naye. Chai na chapati moja kwenye meza yake zinakupa nusu saa ya kukaa mahali salama na taarifa ambazo hakuna ramani inayo.

Kuchimba dawa njiani itakuwaje? Na nikiwa kwenye siku zangu?

Mabasi mengi husimama dakika kumi hadi ishirini kwenye mgahawa wenye vyoo, lakini mengine husimama porini na konda akatangaza kuchimba dawa. Hapo kanga ndiyo chumba chako: jifunge kiunoni kabla ya kushuka, iwe inafika kwenye vifundo. Nenda na wanawake wenzako, upande wao, na usivuke barabara. Mwambie jirani yako wa siti "nashuka, nakuja", akusemee kwa konda endapo gari litataka kuondoka.

Kwenye mkoba mdogo weka karatasi ya chooni, sabuni kipande, chenji ndogo za vyoo vya kulipia, pedi za kutosha safari nzima na mbili za ziada, na mifuko myeusi ya kufungia zilizotumika. Ukivaa sketi au dera la rangi nyeusi siku hizo utakaa bila wasiwasi. Usijinyime maji kwa muda wa saa nane kwa kuogopa choo. Kichwa kitauma, utashuka ukiwa na kizunguzungu, na kituoni ndipo unapohitaji akili timamu.

Jirani wa siti akinikaribisha chakula?

Pwani kula mbele ya mtu bila kumkaribisha ni utovu wa adabu, kwa hiyo wengi watakukaribisha kwa nia njema. Hata hivyo abiria kuwekewa dawa kwenye biskuti, soda au juisi, kisha kuamka hana kitu, ni jambo linalotokea. Kenya wanaliita kuwekewa mchele. Kufungwa kwa chupa si kinga, maana sindano hupita kwenye kifuniko cha plastiki. Kataa kwa adabu inayoeleweka: "Ahsante sana, nimefunga", au "Tumbo la safari, nikila natapika." Hakuna atakayekulazimisha baada ya hapo. Kinywaji chako ukikiacha kwenye siti wakati unachimba dawa, kimwage.

Boti ya Dar na Unguja ina mambo gani ya kuzingatia?

Mwendo ni kama saa mbili. Njoo na kitambulisho, na kwa raia wa kigeni pasi, kwani Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji hata kama umetokea Dar. Nunua tiketi ndani ya ofisi. Vijana walio nje ya geti la bandari, wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, wengi ni madalali.

Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Kaa chini na nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, na usipande na tumbo tupu wala lililojaa. Anayetapika huinamisha kichwa na kusahau mkoba, kwa hiyo uvae begani kabla boti haijatoka bandarini.

Nikivuka mpaka wa Horohoro na Lungalunga kwa basi?

Wote mnashuka, mnagongewa pasi na kupanda tena. Shuka na mkoba wako wenye nyaraka na fedha. Shika sura ya konda na namba ya gari, kwani mabasi hufanana na huwa yanasogea. Kitambulisho cha taifa cha Kenya hakitoshi kuingia Tanzania: beba pasi au hati ya muda ya kusafiria. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huchomwa angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 moja inatambuliwa kwa maisha yote. Asiye na kadi huvutwa pembeni, abiria wengine wanamsubiri kwa hasira, na hapo ndipo "msaidizi" anapojitokeza kutaka hela.

Fedha badilisha kidogo tu, kiasi cha kukufikisha. Wabadilishaji wa mpakani huhesabu noti haraka na kukunja nyingine katikati ili zihesabiwe mara mbili. Ukitokea kusini na kuingia Mombasa kwa kivuko cha Likoni, vaa begi kifuani, kwani umati ule unasukumana mno.

Gesti nzuri naitambuaje?

Anza na aina ya nyumba. Hosteli za YWCA, nyumba za wageni za masista na hosteli za makanisa au taasisi za Kiislamu zina geti linalofungwa, mlinzi, na mwanamke mapokezini. Vyumba ni vya kawaida, lakini unalala. Epuka gesti yenye baa chini yake, na ile inayokodisha vyumba kwa saa: milango inafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na mwanamke aliye peke yake humo anachukuliwa kuwa yuko kazini.

Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Mlango uwe na komeo la ndani, kwa sababu kitasa peke yake kina ufunguo wa akiba mapokezini. Dirisha liwe na nondo na lifungike. Taa ya korido iwake. Ghorofa ya kwanza au ya pili ni bora kuliko chini, na karibu na ngazi ni bora kuliko mwisho wa korido. Beba kabari ya mbao au mpira: ukiisukumiza chini ya mlango unaofungukia ndani, hausogei hata ukifunguliwa kwa ufunguo. Mlango ukifungukia nje kabari haisaidii kitu. Funga mpini kwa mtandio au kamba hadi kwenye nondo ya dirisha au mguu wa kitanda.

Kuna jambo moja ambalo wanawake wengi hawalijui hadi limewakuta. Daftari la wageni hukaa wazi kaunta, na lina jina lako, simu, kabila, unakotoka, unakokwenda na namba ya chumba. Mgeni anayeandikisha baada yako anasoma mstari wako wote, na usiku simu inaita: "Mambo, nakuona uko chumba namba sita." Kuandikisha ni lazima na jina liwe la kweli, lakini omba namba ya chumba ijazwe baadaye na mhudumu, na simu aiandike kwenye karatasi yake. Akikataa, geuza ukurasa au funga daftari ukimaliza. Mhudumu akitaja chumba chako kwa sauti mbele ya watu, omba kingine.

Mtu akigonga usiku hulazimiki kujibu hodi wala kufungua. Piga simu mapokezi. Namba yao uwe umeichukua na kuijaribu mchana.

Nivae nini?

Mabega hadi chini ya magoti yafunikwe ukiwa Mji Mkongwe, Lamu, Tanga mjini na mitaa ya zamani ya Mombasa. Dera na mtandio vinatosha, na huhitaji baibui kama si vazi lako. Vazi la kuogelea ni la ufukweni na ndani ya hoteli. Kutoka nalo hadi dukani kijijini Nungwi au Paje kunawaudhi wenyeji ambao watoto wao wanapita hapo wakielekea chuoni kusoma Kurani. Dar, Nairobi na Mombasa mjini watu wanavaa watakavyo.

Doti moja ya kanga usiikose. Ni shuka, ni taulo, ni pazia la dirisha lisilo na pazia, ni sketi ya kuingilia nyumba ya watu. Ila isome kabla ya kuivaa. Kanga inasema, na jina lenye mafumbo ukilivaa kwenye ukumbi wa wenyewe, bibi mwenye nyumba atajiuliza unamsema nani.

Hayo ni ya heshima kwa mwenyeji. Vazi halimpi mtu yeyote haki ya kukugusa. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na mwaka huo huo Kenya iliandika kwenye sheria kwamba kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jinai.

Salamu zinasaidia nini katika usalama?

Zinasaidia sana, kwa sababu mtu uliyemsalimia anakukumbuka. Ukifika mtaani, wasalimie wazee wa barazani: "Shikamoo", au "Asalaam aleikum". Pita hapo asubuhi na jioni ukiwasalimia hivyo, na siku ya pili wewe ni mgeni wa mtaa. Kijana akikufuata watamuuliza anataka nini. Kwa mwanamume usinyooshe mkono kwanza, weka mkono kifuani kama yeye hakunyoosha. Nyumbani kwa watu vua viatu mlangoni, na hodi ikipigwa mara tatu bila jibu, ondoka.

Kwa vijana pima jibu lako. "Mambo?" ukijibu "Poa, vipi?" umefungua mazungumzo. Ukijibu "Salama, kaka" huku unatembea, umeyafunga bila kumkosea. Mwite kaka. Ukimwita shemeji umefungua mlango wa utani, na utani wa shemeji una uhuru mwingi. Vivyo hivyo mtu akijua kabila lako na kukuita "mtani" anaweza kujiona ana ruhusa ya kukushika bega au kukuchukulia kitu. Mtani mwenye adabu anaelewa ukisema "Leo sina utani, nimechoka na safari."

Wananiuliza kama nimeolewa na kwa nini niko peke yangu. Nidanganye?

Akina mama wanauliza kwa kukuonea imani, na kwao jibu la kweli huleta msaada. Kwa mwanamume usiyemjua, "Mume wangu ananisubiri" inatosha, na hatuoni ubaya wa kuisema hata kama hayupo. Usiongeze maelezo. Uongo mrefu huvuta maswali: anafanya kazi wapi, mbona hakukufuata, nipe namba yake. Usitaje pia unapolala. Sema mtaa jirani.

Bodaboda, bajaji au teksi?

Usiku, gari au bajaji ya kuitwa kwa programu kama Bolt, kwa sababu safari ina kumbukumbu. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na muulize dereva "unamfuata nani?" Akitaja jina lako, panda. Tuma kiungo cha safari kwa mtu wako. Dereva akikuomba ufute safari mlipane kando, kataa. Safari ikishafutwa hakuna anayejua uko naye. Teksi bubu usipande kamwe. Wanaokupakia wakiwa wawili, kisha wakakuzungusha hadi kwenye mashine ya fedha, huanza kwa kukupa lifti au bei ya chini kupita kiasi.

Bodaboda ni ya mchana na ya umbali mfupi. Patana bei kwanza, dai helmeti. Hatari iliyo karibu zaidi kwa mwanamke ni nguo yake. Pindo la dera au baibui likipeperuka nyuma linanaswa na spoku za gurudumu, linajizungusha, na linakuvuta chini pikipiki ikiwa bado inakwenda. Kusanya kitambaa chote mbele, kikalie, na ncha zikamate mapajani. Vaa skintaiti ndani ili ukae kwa kupanua miguu. Anayekaa upande anachomoka kwenye tuta la kwanza. Panda na shuka upande wa kushoto. Pikipiki nyingi zina bomba la moshi kulia, na linaunguza shavu la mguu kwa sekunde moja tu.

Ukitembea kando ya barabara Dar, mkoba uwe upande wa ukuta, na uso wako uelekee magari yanayokuja. Mkanda usiuvalishe shingoni. Anayenyakua akiwa kwenye pikipiki haachii, na mkanda uliopita shingoni unakuburuza. Uachie uende.

Mapapasi na vijana wa ufukweni?

Papasi ni jina la Unguja kwa vijana wanaong'ang'ania wageni. Wengi wanatafuta kamisheni tu. Kataa mara moja, bila "labda kesho", kwa kuwa kesho atakungoja mlangoni. Mtembeza wageni halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Kisome, kipige picha na umtumie mtu wako. Ufukweni giza likiingia, ondoka. Vichochoro vya Mji Mkongwe pita vyenye maduka na watu. Forodhani jioni pana watu tele, lakini panga njia ya kurudi kabla hujala.

Lamu na Ramadhani?

Lamu inafikiwa kwa basi hadi Mokowe kisha boti, au kwa ndege hadi Manda. Barabara ina vizuizi vingi vya askari, kwa hiyo weka kitambulisho karibu, safiri mchana, na uulize kampuni ya basi hali ya barabara siku moja kabla. Mji wenyewe ni wa miguu na punda, na watu wanafahamiana.

Ramadhani usile, kunywa wala kuvuta sigara hadharani mchana, hasa Zanzibar na Lamu. Kula chumbani. Baada ya futari mitaa inachangamka hadi usiku sana, ila kuelekea magharibi yenyewe madereva wanakimbilia kufuturu na barabara hubaki tupu. Uwe umeshafika.

Fedha na simu nizigawe vipi?

Weka mafungu matatu: ya kutumia leo mfukoni, ya dharura kibindoni au kwenye pindo la sidiria, na nyingine kwenye simu. Wakala wa fedha huandika namba yako, na wapo wanaoitumia baadaye kukutumia ujumbe wa usumbufu. Tafuta wakala wa kike au mashine ya ndani ya benki. Laini isajiliwe kwa jina lako kwa wakala rasmi. Tanzania ukipiga *106# unaona kama kuna namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mtu akinishika ndani ya gari?

Sema kwa sauti, ukitaja kitendo: "Kaka, toa mkono wako pajani kwangu!" Abiria watageuka, na mwite konda akuhamishe. Kunyamaza kwa kuona haya ndiko anakokutegemea.

Tunaomba jambo moja: usipige kelele ya "Mwizi!" kwa mtu aliyekushika, wala kwa aliyekuchukulia simu. Neno hilo mitaani huleta mawe na matairi, na mtu hufa kabla polisi hawajafika. Taja kitendo, omba akamatwe, ita askari.

Nikibakwa au kushambuliwa, naanzia wapi?

Hospitali, mara moja, hata kabla hujaamua kama utashtaki. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura vinafaa hadi siku tano, mapema zaidi ni bora. Usioge, usisukutue, usibadilishe nguo kama unaweza. Ukibadilisha, ziweke kwenye bahasha ya kaki, kwa sababu mfuko wa plastiki unazitia unyevu na ushahidi unaoza.

Tanzania, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu inayohitajika ni PF3. Unguja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali ya Mnazi Mmoja, penye daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Kenya fomu ya polisi ni P3, na mhudumu wa afya hujaza ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa. Huko Kenya namba ya bure 1195 hujibu visa vya ukatili wa kijinsia. Dharura ya polisi ni 112 nchi zote mbili, na Kenya pia 999. Una haki ya kuomba askari wa kike na ya kuwa na mtu wako pembeni. Aliyekushambulia akiwa mwenyeji wako, au mwenye gesti, bado ni kosa lile lile, na wazee wakitaka myamalize kifamilia huna wajibu wa kukubali.

Nimwachie nani taarifa zangu, na za namna gani?

Mtu mmoja anayepokea simu usiku. Mtumie ujumbe mmoja wenye kampuni ya basi na namba ya gari, siti, saa ya kuondoka, saa ya kufika, jina na simu ya gesti, na picha ya pasi yako. Kubalianeni nyakati mbili za kupigiana kwa siku, na neno la siri la kawaida, mfano "mpe shangazi salamu", lenye maana ya "niko matatani, siwezi kusema". Akikukosa kwa saa tatu baada ya muda mliopanga, apige gesti, kisha kampuni ya basi, kisha polisi wa mji uliokuwa unakwenda. Namba hizo zote ampe na mtu wa pili, kwa sababu simu yake nayo inaweza kuisha chaji.